Mtoro wa Manowari Hukamatwa kwa Daftari Kabla ya Pingu

Hii ni hotuba kamili niliyoitoa mbele ya masheha, askari wastaafu na vijana wanaosomea sheria, Mjini Unguja. Naichapisha kwa ajili ya waliokosa kuhudhuria, na kwa ajili ya ndugu zetu wa Pemba walioniomba maandishi yake.

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Waheshimiwa masheha, wazee wangu mliolitumikia Jeshi la Polisi na vikosi vyetu, mama zangu, vijana wangu wa sheria. Nimeombwa nizungumze juu ya kazi ya polisi ya kuwatafuta na kuwakamata wanamaji wanaotoroka jeshini. Huenda baadhi yenu mmejiuliza: kwa nini jambo hili, na kwa nini hapa kwetu? Jawabu ni kwamba sisi ni watu wa visiwa. Ni nadra kuipata familia ya hapa isiyokuwa na mtu aliyevaa sare ya wanamaji wa JWTZ, yaani Jeshi la Wananchi wa Tanzania, au ya KMKM, Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo, pale Kibweni, au aliyewahi kuajiriwa katika meli za watu. Na mwanamaji akitoroka hukimbilia wapi, kama si kwao? Hukimbilia kwa mama yake, kwa mjomba wake, kwa rafiki aliyesoma naye skuli. Kwa hiyo polisi anapomtafuta, mlango wa mwanzo kubishwa hodi ni wa sheha, kiongozi wa serikali katika shehia.

Nimeitumikia polisi sehemu kubwa ya umri wangu, Unguja na Pemba, na baada ya kustaafu nimekuwa nikisoma jinsi mataifa mengine yalivyoifanya kazi hii, hasa Uingereza na Marekani ambazo zimekuwa na manowari nyingi na watoro wengi. Neno langu la leo ni moja, na nitalirejea tena na tena. Kumtafuta mtoro ni kazi ya daftari na majirani kabla ya kuwa kazi ya pingu. Daftari likikosea, au jirani akipoteza imani, pingu huingia katika mikono isiyostahiki, na yule anayestahiki hupita pembeni akitazama.

Kwanza tukubaliane tunamzungumzia nani, kwa sababu si kila askari asiyekuwepo kambini ni mtoro. Sheria za kijeshi za Uingereza na za Marekani zinatenganisha makosa mawili: kutokuwepo kazini bila ruhusa, na utoro wenyewe. Kinachoyatenganisha ni nia. Kijana aliyechelewa boti kwa sababu ya arusi ya dada yake ana kosa, lakini nia yake ni kurudi. Mtoro ni yule aliyeondoka akikusudia asirudi tena, au aliyeondoka ili akwepe kazi ya hatari aliyopangiwa. Marekani, mwanamaji akitimiza siku 30 nje bila ruhusa, jeshi humwandika mtoro katika kumbukumbu zake. Hata hivyo kuandikwa mtoro si kutiwa hatiani, maana nia yake bado itathibitishwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Polisi aliyeshika karatasi yenye jina ameshika tuhuma. Hukumu haimo mkononi mwake.

Kwetu sisi kuna jambo jengine la kuzingatia. Ulinzi na Polisi ni mambo ya Muungano, na askari wa JWTZ, akiwemo mwanamaji, anafungwa na Sheria ya Ulinzi wa Taifa ya mwaka 1966 ambayo ndani yake mna kanuni za nidhamu na kosa la utoro. KMKM si sehemu ya JWTZ. Ni Idara Maalum ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar iliyowekwa chini ya Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984, na ina sheria na nidhamu yake. Basi, masheha wangu, mkiambiwa "tunamtafuta askari mtoro", swali la mwanzo liwe: mtoro wa chombo gani? Jawabu la swali hilo ndilo linaloonyesha ni sheria ipi inayotumika na ni nani atakayekabidhiwa mtu huyo.

Sasa nije kwenye daftari.

Katika zama za matanga, kila manowari ya Uingereza ilikuwa na daftari la majina ya mabaharia wake. Mbele ya jina ikiandikwa herufi. Aliyefariki aliandikwa DD, aliyeondoshwa kwa ruhusa D, na aliyetoroka R. Herufi moja hiyo ya R ilitosha kumpotezea baharia mshahara wote aliokuwa akiudai, na mara nyingi alikuwa akidai wa miezi mingi, kwa sababu mishahara ilicheleweshwa makusudi ili watu wasikimbie. Je, ucheleweshaji huo uliwazuia? Mwaka 1803 Nelson, yule amiri mashuhuri, alikadiria kwamba katika vita vilivyokuwa vimekwisha muda mfupi kabla ya hapo, mabaharia 42,000 walitoroka. Elfu arobaini na mbili, ndugu zangu! Huo si utovu wa nidhamu wa vijana wachache. Mshahara wa baharia ulikuwa haujapandishwa kwa zaidi ya miaka 130 mpaka mabaharia walipogoma pale Spithead, Uingereza, mwaka 1797. Wengi wao walikuwa wamenaswa kwa nguvu mitaani na bandarini wakaburutwa hadi melini, na makamanda waliogopa kuwaruhusu kushuka pwani hata meli ikiwa gatini. Serikali iliwatengeneza watoro kwa mkono mmoja na kuwasaka kwa mkono wa pili.

Na daftari lenyewe lilikuwa likikosea. Baharia aliachwa hospitali ya bandarini akiwa mgonjwa, meli ikang'oa nanga, karatasi za hospitali zikachelewa, karani akaandika R. Mwengine alinaswa akapelekwa manowari nyengine ya mfalme huyo huyo, na kule alikotoka akaandikwa mtoro. Watu hao, na wakati mwengine wajane wao, walilazimika kuandika maombi ili R ifutwe na mshahara ulipwe. Mkitazama haya mtaona kwamba mtu anaweza kuwa mtoro katika daftari na ilhali yuko kitandani na homa.

Daftari la jeshi linampa polisi jina, lakini jina halina sura. Hapa ndipo anapoingia Sir John Fielding, hakimu wa Bow Street, London. Bwana huyu alipoteza macho akiwa na umri wa miaka 19, na inaelezwa kwamba alipofuka kwa ajali akiwa katika utumishi wa majini. Pamoja na upofu wake, yeye ndiye aliyeanzisha mwaka 1772 utaratibu wa kuchapisha na kusambaza maelezo ya watu wanaotafutwa, ili askari wa mji wa mbali aweze kumtambua mtu ambaye hajapata kumwona. Kutokana na kazi hiyo likatokea gazeti la polisi, Police Gazette, ambalo baadaye lilichapisha orodha za watoro wa jeshi la nchi kavu na la majini. Mstari mmoja wa orodha hizo ulikuwa na jina, umri, kimo kwa futi na inchi, rangi ya nywele na ya macho, kazi aliyokuwa akiifanya kabla ya kuandikishwa, mahali alipozaliwa, siku na mahali alipotorokea, na mwishoni alama za mwilini. Kwa baharia alama hizo zilikuwa hazina, kwa kuwa wengi walichanjwa michoro ya wino: nanga juu ya mkono, nyota, herufi za jina la mwanamke. Nguo hubadilishwa, ndevu hunyolewa, jina hubuniwa, lakini nanga ya wino haifutiki kwa sabuni.

Vijana wa sheria, mnaona faida yake na mnaona pia hatari yake? "Kimo cha wastani, nywele nyeusi, macho meusi." Nendeni na maelezo hayo sokoni Darajani saa kumi jioni mhesabu ni wangapi watakaofanana nayo. Maelezo yasiyokuwa na alama ya peke yake hayamtambulishi mtu. Yanamruhusu askari kumchagua amtakaye.

Nataka niwape kisa kilichofanya mataifa mawili yakaribie kupigana kwa sababu ya watu wanne. Mwaka 1807 mabaharia kadhaa walitoroka manowari za Uingereza zilizokuwa karibu na Norfolk, Virginia, na baadhi yao wakajiandikisha katika manowari ya Marekani iliyoitwa Chesapeake. Waingereza wakaomba warejeshewe, wakakataliwa. Tarehe 22 Juni mwaka huo, Chesapeake ikiwa imetoka tu bandarini, manowari ya Uingereza iitwayo Leopard ikaifuata na kudai kuipekua. Kamanda wa Marekani akakataa. Leopard ikafyatua mizinga. Watu watatu waliuawa papo hapo na wengine 18 wakajeruhiwa. Waingereza wakapanda melini, wakawapanga mabaharia, wakawachukua wanne.

Wanne hao walikuwa kina nani? Mmoja, Jenkin Ratford, alikuwa Mwingereza kweli, aliyekuwa amejiandikisha kwa jina la uongo. Huyo alihukumiwa na kunyongwa tarehe 31 Agosti 1807. Watatu waliobaki waliwahi kutumika katika manowari ya Uingereza, lakini walikuwa Wamarekani. Katika daftari la Waingereza walikuwa watoro; nchini kwao walikuwa raia walioponyoka kutoka jeshi lisilokuwa lao. Mmoja alifia mikononi mwa Waingereza. Wawili hawakurudishwa hadi mwaka 1812, na wakati huo nchi hizo mbili zilikuwa zimekwisha kuingia vitani, vita ambavyo unasaji wa mabaharia ulikuwa miongoni mwa sababu zake kubwa. Nani angefikiri kwamba kutohakiki majina manne kungefika huko?

Daftari likiwa sahihi, linakuja suala la mamlaka, na hili nitalieleza kwa ufupi kwa kuwa sheria yake iko wazi. Katika miaka ya 1880, polisi wawili wa San Francisco walimkamata mwanajeshi aliyetoroka, bila ya hati na bila ya amri ya jeshi. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, ijulikanayo kwa jina la Kurtz dhidi ya Moffitt, na mwaka 1885 majaji wakaeleza kwamba polisi wa kiraia, wala raia mwengine, hana uwezo wa kumkamata mtoro wa jeshi kwa sababu tu ni mtoro, isipokuwa awe na hati au amri iliyotolewa kisheria. Ikawa lazima Bunge la nchi hiyo litunge sheria mwaka 1898 kuwapa maofisa wa kiraia uwezo huo. Majirani zetu wa Kenya na Uganda wameliandika katika sheria zao za mwenendo wa jinai: polisi anaweza kumkamata bila ya hati mtu anayemshuku, kwa sababu za msingi, kuwa mtoro wa majeshi ya nchi. Naomba mlishike lile neno la katikati, sababu za msingi. Na Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika ibara ya 15, inakataza mtu kukamatwa au kuwekwa kizuizini isipokuwa katika hali na kwa utaratibu uliowekwa na sheria. Ibara hiyo haikusema "isipokuwa askari".

Kuna waliodhani kwamba fedha inaweza kuyafupisha yote haya. Weka zawadi, watu watamleta! Mwaka 1908 manowari 16 za Marekani, zilizopakwa rangi nyeupe, zilikuwa zikiizunguka dunia, na zikatia nanga Melbourne, Australia. Wenyeji waliwapokea mabaharia kwa ukarimu mkubwa, na meli zilipoondoka, zaidi ya mabaharia mia mbili hawakuwemo. Zawadi kwa atakayemrejesha mtoro ilikuwa desturi ya zamani ya jeshi hilo. Lakini mwenyeji aliyempa kijana chumba, na pengine anataka kumwoza binti yake, atamuuza kwa dola ngapi? Huko Uingereza zawadi na mambo yanayofanana nayo yalizaa vituko vya aina nyengine: watu ambao hawajapata kuvaa sare walijitokeza na kujidai kuwa ni watoro, kwa ajili ya manufaa au kwa ajili ya safari ya bure, hata sheria za kijeshi zikalazimika kuweka kosa la kujifanya mtoro. Nimefanya kazi na watoa habari, na nawaambia kwa moyo wangu wote: habari ya kununuliwa huja na jina la mtu ambaye muuzaji anamchukia.

Tuzungumze basi juu ya jirani, maana hapa ndipo penye uzito wa kazi.

Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, Uingereza ilikuwa na maelfu ya watoro wa majeshi yake yote, wa nchi kavu, wa majini na wa anga, waliojificha katika miji yake, London ikiwa ya kwanza. Chakula na nguo zilikuwa za mgao, na mtu asiyekuwa na kitabu cha mgao hana cha kula kwa halali. Mtoro hana kitabu. Kwa hiyo aliiba, au alinunua kwa magendo, au aliishi kwa kufichwa na mkewe aliyekuwa akimgawia kutoka katika fungu lake dogo. Mwezi wa Disemba 1945 polisi wa London pamoja na polisi wa kijeshi walifanya misako mikubwa katikati ya mji, wakizingira maeneo na kuwakagua watu vitambulisho. Vitambulisho hivyo vilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1939, kwa ajili ya vita.

Vita vikaisha, vitambulisho vikabaki. Polisi wakavizoea. Mtu akisimamishwa kwa jambo lolote huulizwa kitambulisho. Mwezi wa Disemba 1950 dereva mmoja, Clarence Willcock, alisimamishwa Finchley, kaskazini mwa London, akatakiwa kuonyesha kitambulisho, naye akakataa. Kesi yake ilisikilizwa mwaka 1951 na jaji mkuu, Lord Goddard. Sheria ilikuwa upande wa polisi na mashtaka yakathibitika, lakini Willcock aliachiwa bila ya adhabu, na jaji akasema maneno ambayo ningependa kila askari wa zamu ayajue: kwamba kuitumia sheria kwa kusudio ambalo haikutungiwa huwafanya raia wema kuwachukia polisi, na kuwafanya wasitake kuwasaidia. Mwaka 1952 vitambulisho vikaondolewa.

Na watoro je? Tarehe 23 Februari 1953 Waziri Mkuu Churchill alitangaza msamaha kwa waliotoroka kati ya tarehe 3 Septemba 1939 na tarehe 15 Agosti 1945. Mtoro alitakiwa ajitambulishe kwa maandishi, akapewa cheti cha kumkinga na kukamatwa. Fikirini: miaka minane ya misako, kisha barua ikafanya kile ambacho kizuizi cha barabarani hakikukifanya. Sisemi kwamba kila mtoro asamehewe. Msamaha ule ulikuja vita vikiwa vimepita na malkia mpya akiwa karibu kuvishwa taji. Ninachosema ni kwamba aliyewafikisha wengi wao kwenye meza ya serikali ni mke, mama na jirani aliyewaambia "sasa unaweza kutoka", na alisema hivyo kwa sababu aliiamini ahadi iliyotolewa.

Nililiona jambo hili kwa macho yangu Pemba, nikiwa askari kijana. Kituoni iliingia barua kutoka katika kikosi kimoja, ikieleza kwamba askari wao ameondoka bila ruhusa na hajarudi, na ikataja majina yake matatu na kijiji chake. Tulikwenda kwa sheha. Alikuwa mzee mtaratibu. Alitoa daftari lake lenye jalada la kaki lililopigwa uzi upya, akavaa miwani, akapitisha kidole polepole kwenye safu ya majina, kisha akatutazama. Akasema: "Wenye majina haya matatu ninao watatu. Huyu ni mwalimu wa skuli. Huyu yuko Omani. Barua yenu inasema mama yake nani?" Barua haikusema. Kiongozi wetu akarudi kituoni, akapiga simu kikosini, na hatukumgusa mtu mpaka jina la mama lilipopatikana. Hebu fikirini tungeanza na yule mwalimu, mbele ya wanafunzi wake.

Tukaenda kwa mjomba wa kijana. Mjomba hakukana kuwa anajua alipo. Aliuliza swali moja tu: "Mkimchukua, mtampiga?" Kiongozi wetu akamjibu kwamba kijana atafikishwa kituoni, ataandikwa katika kitabu, kikosi chake kitaarifiwa, na yeye mjomba anaweza kufuatana naye ashuhudie. Mzee akaomba apewe mpaka asubuhi. Wapo askari ambao wangeliona ombi hilo kuwa ujanja wa kumtorosha. Kiongozi wetu alikubali, kwa kuwa sheha alisimama dhamana. Baada ya sala ya alfajiri mjomba alikuja naye kwa miguu, kijana akiwa bado na chumvi ya dagoni mwilini, kwani alikuwa na wavuvi kisiwani. Hakufungwa pingu. Tulipomwandika maelezo yake alisema mama yake aliugua, akaomba ruhusa, akanyimwa, akaondoka. Kama hiyo ilikuwa hoja ya kumsamehe au siyo, lilikuwa jambo la wakubwa wake na sheria ya kijeshi. Kazi yetu ilikuwa kuyaandika kama alivyoyatoa, bila ya kupunguza, ili wakubwa wake wayasome.

Siku hizi watu hudhani kwamba kompyuta imeyabadilisha haya. Marekani jeshi likishamwandika mtu mtoro, fomu yenye maelezo yake huingizwa katika kumbukumbu za kitaifa za polisi, na askari yeyote wa jimbo lolote akilitafuta jina hilo litamtokea. Ndiyo maana watoro wengi wa huko hukamatwa bila ya mtu kuwasaka. Kijana anasimamishwa kwa taa ya nyuma iliyokufa, polisi anaangalia leseni, na jina linajitokeza, pengine baada ya miaka. Hata hivyo kompyuta ni daftari tu lenye mbio zaidi. R iliyoandikwa kimakosa katika manowari ya matanga ilimfuata mtu bandari moja. R ya leo humfuata nchi nzima kwa dakika moja, na wa kuifuta ni yule yule karani.

Lipo pia jambo la mipaka, nalo sisi Wazanzibari tunalo mfano wake mlangoni petu. Lakini kwanza mfano wa mbali. Mwezi wa Oktoba 1967 mabaharia wanne wa Kimarekani waliiacha manowari yao, Intrepid, ilipokuwa Yokosuka, Japani, kwa kupinga vita vya Vietnam. Raia wa Kijapani waliopinga vita hivyo waliwaficha, wakasafirishwa hadi Urusi ya Kisovieti, na hatimaye wakapokewa Sweden. Jina lao lilikuwa katika kila orodha, na bado polisi wa nchi yao hawakuwa na la kufanya, kwa sababu nchi nyingi hazimrejeshi mtu kwa kosa la kijeshi peke yake. Wazee wangu, si ndivyo ilivyokuwa kwa Sayyid Khalid bin Barghash? Yeye hakuwa mtoro wa jeshi, alikuwa amejitangaza Sultani wa Zanzibar akashindwa na Waingereza katika vita vya tarehe 27 Agosti 1896, lakini kanuni ni ile ile. Alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani hapa mjini, na Waingereza wakaweka askari nje wamkamate akitia mguu barabarani tu. Tarehe 2 Oktoba maji yalijaa mpaka ukutani, mashua ya manowari ya Kijerumani, Seeadler, ikaja hadi kwenye mlango wa upande wa bahari, akaingia ndani yake moja kwa moja bila ya kukanyaga ardhi ya Zanzibar, akaenda zake Dar es Salaam. Askari walikuwa wamesimama pale pale. Waliheshimu mpaka, na walikuwa na nguvu ya kuuvunja. Huwezi kusema kwamba hawakuijua kazi yao.

Nina maombi machache kabla sijakaa.

Masheha, akija mtu kwenu akisema anamtafuta askari mtoro, muombeni kitambulisho chake, hata kama mnamjua kwa sura. Muulizeni ametumwa na nani na kwa karatasi gani, na muisome karatasi hiyo, siyo kuitazama muhuri wake. Hakikisheni jina la mtu, la baba, la babu na la mama. Andikeni katika daftari la shehia saa aliyokuja, namba yake ya kazi, na kituo ambacho mtu huyo anapelekwa, kisha waambieni jamaa zake siku hiyo hiyo. Msimfiche mtoro, mnaweza kushtakiwa, na mnamharibia yeye mwenyewe, kwa sababu kila siku anayoongeza nje inaifanya nia yake ionekane mbaya zaidi. Mshaurini ajisalimishe, na mfuatane naye.

Askari wenzangu mlioko kazini, niliwaona mkiingia na kukaa nyuma. Andikeni sababu aliyoitoa mtoro. Andikeni hata kama mnaiona ya kitoto. Kikosi kinachopoteza vijana wengi kwa sababu ya aina moja kinahitaji kuisoma sababu hiyo ikijirudia katika majalada, na nyinyi ndio mnaoisikia kwa mara ya kwanza, ikiwa bado haijatengenezwa.

Na nyinyi vijana wa sheria, nendeni vituoni. Ombeni kuona namna mtu anavyoandikwa anapofikishwa, ni saa ngapi zinapita kabla ya kikosi kuarifiwa, na ni nani anayetia saini anapokabidhiwa kwa polisi wa kijeshi. Mtu hupotea katika makabidhiano, wala hapotei katika kukamatwa.

Mzee mmoja amenipa swali kwa maandishi, anauliza kama askari wa KMKM aliyetoroka akikamatwa Tanga anaweza kurejeshwa Unguja kwa barua ya kikosi peke yake, bila ya hati ya mahakama. Ni swali zuri na lina mabishano ndani yake. Nitaanza nalo tukisharudi kutoka kusali.